Ukili Aliouacha Mwanaidi

Niliondoka Kariakoo kwa hasira. Wapo waliosema nimeenda kupumzika kijijini, nami naandika kwanza kuwasahihisha hao. Mke wangu Mwanaidi alifariki kabla ya masika. Aliugua kwa muda mfupi, tukamzika, watu wakaja, wakala, wakaondoka. Baada ya hitma, kila aliyepita kwenye fremu yangu ya duka alikuwa na neno la kunipa. Mteja mmoja aliniambia kwamba Mungu kampenda Mwanaidi kuliko nilivyompenda mimi. Nikamfungia zipu zake, lakini neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nani alimpima Mungu mapenzi yake? Na nani alinipima mimi? Tangu siku hiyo nikaacha kusali. Sikumtangazia mtu. Adhana ikilia, najifanya napanga vifungo.

Mwanaidi alikuwa mtu wa Rufiji, na mikono yake ilikuwa haitulii. Mimi nauza zipu, vifungo, lastiki na riboni. Yeye alikaa nyuma ya fremu juu ya boksi la nyuzi, akisuka ukili, katikati ya kelele za wachuuzi na mikokoteni. Kwa asiyejua, ukili ni ule utepe mrefu wa ukindu unaosukwa kwanza. Ukishakuwa mrefu wa kutosha, unazungushwa na kushonwa ubavu kwa ubavu mpaka unakuwa mkeka. Ukili wake wa mwisho ulikuwa wa Rukia, mtoto wetu pekee, ambaye posa yake ilishapokelewa. Kwao Mwanaidi, bibi harusi anapoulizwa kama ameridhia ndoa, anakuwa amekaa juu ya mkeka uliosukwa na mama yake. Hilo kwao si pambo. Hapo ndipo neno lake linapotokea.

Na Mwanaidi hakusuka mkeka wa kawaida. Mchoro aliutoa kwenye bidhaa zetu. Alitia meno ya zipu, meusi na mekundu, yakitazamana na kuumana juu ya ukindu mweupe. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa ametazama zipu mchana kutwa kwa miaka yote ile, akaitia katika kazi ya mama zake. Alifariki akiwa amevuka nusu kidogo tu.

Sasa nieleze kilichonitoa mjini. Jirani yangu wa fremu tunamwita Mangi, kwa kuwa ni Mchaga. Ni mtu mwema, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Nilipokuwa msibani, alinisaidia kusafisha sehemu ya nyuma. Akauona ukili umekunjwa, na mwishoni chane, vile vipande vyembamba vya ukindu, zimetawanyika kama nywele zisizochanwa. Akafanya tunalofanya sote tunaouza riboni. Akakata ncha zikawa sawa kwa mkasi, kisha akapitisha moto wa kiberiti cha gesi ili zisifumuke. Akautia ndani ya mfuko mpya, akanitunzia, na masika yalipokuwa yanaisha akanikabidhi.

"Nimekutengenezea, Baba Rukia," alisema. "Huu sasa hautafumuka kamwe."

Nikautazama. Mahali alipoishia mke wangu, mahali ambapo chane inayofuata ingeingia, palikuwa pamefungwa kwa moto, peusi kama ncha ya utambi. Nilimwambia Mangi neno ambalo siliandiki hapa. Aliniomba radhi, akasema ataninunulia mkeka mwingine, kuna mtaa mzima wa mikeka ya plastiki hatua chache tu kutoka kwetu. Wauzaji wengine wakamuunga mkono. Mkeka ni mkeka tu, walisema. Usiku huo Rukia alinipigia simu, nikamweleza. Akasema kwamba kama mkeka wa mama yake haumaliziki, yeye ataulizwa akiwa sakafuni, na zulia la mtu hatalikalia. Hakuwa analia. Ingekuwa afadhali angelia.

Asubuhi iliyofuata nikafunga fremu, nikachukua ule mfuko, nikashika njia ya Rufiji kwa ndugu zake Mwanaidi.

Mbagala, konda wa basi alitaka kuutupa mfuko wangu kwenye buti pamoja na matairi na magunia. Nikakataa. Akaniuliza kama nimebeba mayai. Nikasema hapana. Akaniuliza kama ni dhahabu, watu wakacheka. Niliupakata njia nzima, na kila aliyeketi karibu yangu akataka kujua nina nini, nami sikutaka kusema, maana nilishachoka kufarijiwa.

Kibiti tulisimama. Wachuuzi wakaja madirishani na korosho na samaki wa kukaanga, kila mmoja akiita abiria kwa jina alilolitunga papo hapo. Mimi waliniita Mzee wa Mfuko. Zamani Mwanaidi angejibizana nao mpaka basi zima licheke. Nilitazama kiti cha pembeni yangu kikiwa na mtu mwingine kabisa, kijana aliyekuwa amelala mdomo wazi, nikamchukia bila kosa lolote.

Daraja la Rufiji tulilivuka jua likiwa kali. Mto ulikuwa umejaa, wa rangi ya chai ya maziwa. Huko nyuma, kila tulipovuka hapo, mke wangu alikuwa akisoma Fatiha kimyakimya kwa ajili ya wazee wake. Safari hii hakuna aliyeisoma. Mimi nilifumba mdomo kwa makusudi, kama mtoto anayekataa dawa.

Kutoka barabara kuu nilipanda bodaboda, kisha dereva akanishusha mahali ambapo tope lilimshinda, nikaendelea kwa miguu katikati ya mashamba ya mpunga. Mpunga ulikuwa unaanza kuwa wa manjano, na ndege walikuwa wengi. Huo ndio msimu ambao wenyeji wanahama nyumba zao na kuishi shambani kwenye dungu, kibanda kilichojengwa juu ya nguzo ndefu, ili kuamia, yaani kuwafukuza ndege, na kuwaona nguruwe kabla hawajaingia. Niliwakuta wanawake wa ukoo wa mke wangu chini ya dungu moja, kivulini, wanasuka. Kila muda mmoja anainuka, anavuta kamba yenye makopo, ndege wanaruka, anakaa tena.

Mkubwa wao ni Sikudhani, dada yake Mwanaidi, mjane, mwanamke wa maneno makali anayependa ugoro. Nilimwamkia, "Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umekuja na mchele au umekuja kula wetu?"

Nikampa mfuko. Alipoutoa ukili na kuona zile ncha nyeusi, utani ukamtoka usoni. Akauliza ni nani aliyefanya hivi. Nikamweleza habari ya Mangi na riboni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akawageukia wenzake, akasema kwamba huko Dar kila kitu wanakichoma, hata takataka za jirani, sasa wamefika hadi kwenye mkono wa marehemu. Mimi, niliyekuwa nimemkasirikia Mangi njia nzima, nilijikuta nataka kumtetea. Sikumtetea.

Nikauliza kama unaweza kuendelezwa. Sikudhani akaupitisha vidoleni. Akasema chane zikishakatwa fupi hivyo hakuna pa kuunganishia mpya. Njia ni moja tu, kufumua kurudi nyuma, karibu urefu wa mkono, ili chane za Mwanaidi zipate kuwa ndefu tena. Lakini pia, alisema, mchoro huu yeye haujui. Hajawahi kuuona kwa mtu. Kwa hiyo atakayefumua afumue polepole, naye atatazama kila chane inapopita, ajue mdogo wake alifanyaje.

"Basi fumua, shemeji," nikamwambia.

"Mimi siwezi kuufumua mkono wa mdogo wangu. Wewe ndiye mumewe."

Nikaunyooshea mkono. Akauvuta ukili kwake.

"Una udhu?"

Nikasema sina.

"Kwetu ukili haushikwi bila udhu. Nenda kisimani."

Nilimwambia kwamba nimeubeba kutoka Dar nikiwa hivihivi. Akajibu kwamba niliubeba kama mzigo, sasa unafanyiwa kazi. Wanawake wale wengine wakainamia kazi zao wasitutazame, nikajua wanasikiliza kila neno.

Kisimani nilinawa kwa hasira, maji yakirukia shati. Nilikasirika kwamba mtu anaweza kunyimwa kazi ya mke wake mwenyewe kwa sababu ya maji. Lakini udhu bila nia si udhu, na katika jambo hilo sikuweza kudanganya, hata nilipotaka. Nikatia nia. Nikarudi na mikono inadondosha maji, nikakaa chini kama mwari.

Kufumua kulichukua mchana wote. Kila chane niliyoitoa, Sikudhani alitaja ilikotoka, kwa sauti, wenzake wakirudia ili wasisahau: nyeusi juu, nyekundu chini, nyeusi juu mara mbili. Kuna mahali walikwama. Meno yaliumana bila wao kuelewa yanashikwa na nini. Nikafumua moja zaidi, na Sikudhani akapiga goti lake kwa kiganja, akacheka.

"Mjanja huyu," alisema. "Kapitisha chane moja nyeupe chini kwa chini, njia yote. Haionekani, lakini ndiyo inayoshika."

Aliendelea kucheka, kisha kicheko kikamwishia ghafla, akainuka akaenda kuvuta kamba ya makopo ingawa hapakuwa na ndege.

Mimi nilibaki na ile chane nyeupe mkononi. Miaka yote niliyokaa naye nyuma ya fremu sikuwahi kumuuliza anavyofanya. Nilidhani ni kazi ya kupitishia muda. Na kwa kuwa naandika ukweli, nitaongeza hili: nilimkasirikia na yeye pia, kwa kwenda na ujuzi wote huo bila kumwachia mtu.

Alasiri, msikiti mdogo wa kijiji ukaadhini. Hauna spika, ni sauti ya mtu tu, inapotea upepo ukigeuka. Wanawake wakaweka kazi chini. Mimi nilikuwa na udhu tayari. Niliona ni ubadhirifu kuupoteza. Nikatandika koti langu upande wa pili wa dungu, nikasali, mara ya kwanza tangu kiangazi. Nisije nikasifiwa bure: sikulia, wala sikupata utulivu wanaousimulia watu. Baada ya kutoa salamu nilimwambia Mungu kwamba nimemkasirikia, na kwamba nimechoka kulificha kwa kupanga vifungo. Nilisema kwa sauti ya kawaida. Hakuna lililotokea. Ndege walirudi kwenye mpunga, nikainuka kuwafukuza.

Siku zilizofuata nilipewa kazi ya kuchana ukindu, kisha, baada ya kuwasumbua sana, nikaruhusiwa kusuka kidogo kwenye ukili wenyewe wa Rukia, Sikudhani alipokwisha kuuanza. Huko kusuka ni kazi ya wanawake, na walinipa nilichostahili. Mmoja aliniuliza nataka mahari kiasi gani. Mwingine akasema nimepata bwana, jina lake Ukindu. Nilichosuka kilipinda kama njia ya mlevi. Nikamwomba Sikudhani akifumue.

"Kiache," alisema. "Kila mtu aone kwamba mwanamume alipita hapa."

Ndipo nilipowauliza kwa nini mikeka yao wenyewe haina mchoro. Rundo zima lililokuwa juu ya dungu lilikuwa la rangi moja, ya udongo, mkeka kama mkeka, huwezi kujua upi wa nani. Walitazamana. Sikudhani akasema ndivyo anavyotaka mnunuzi wao. Zamani kila nyumba ilikuwa na mchoro wake, na mtu akiona mkeka umeanikwa alijua mwenyewe ni nani. Yeye alikuwa na mmoja, nyayo za korongo, hajausuka miaka mingi na hana hakika kama mkono bado unaukumbuka.

Mnunuzi huyo alikuja mwenyewe kabla ya Ijumaa, kwa pikipiki. Wanawake wanamwita Sampo, kwa sababu kila akija anakuwa na kipande cha sampo, yaani mfano wa mkeka anaoutaka, na kila mkeka lazima ufanane nacho. Nilimtambua mara moja. Ana stoo Kariakoo, mtaa wa pili kutoka kwangu. Mara nyingi nimepita mbele ya ile mikeka yake na sikuwahi kujiuliza imetoka kwenye mikono ya nani. Alikuwa na adabu nyingi. Aliwaita mama zangu. Akaukunjua mkeka mmoja, akaona mwenye kuusuka ametia mstari mwembamba wa kijani pembeni, pengine alijisahau, akausukuma pembeni kwa mguu. Kwa mguu, mkeka uliosukwa na mtu mwenye udhu.

Kisha akaona ukili wa Mwanaidi. Akachuchumaa, akatoa simu apige picha.

"Huu ndio mzigo sasa. Mama Siku, mlikuwa mnanificha? Nisukieni mingi ya hivi, mjini itagombaniwa."

Nikavua shati, nikaufunika. Nikabaki na fulana mbele ya wakwe zangu, jambo ambalo silo la heshima, na sikujali. Nikamwambia kwamba mwenye mchoro huu amefariki.

"Pole sana, mzee. Lakini marehemu si atafurahi kazi yake ikienda mbali?"

Mwingine tena anayejua marehemu wangu anafurahia nini. Nikamuuliza kama anaweza kunitajia jina la mwanamke mmoja tu, mmoja, kati ya wanaomsukia mikeka iliyojaa stoo yake. Akatabasamu, akasema Mama Siku. Nikamwambia hilo ni la utani, jina la kweli je? Hakulijua. Hakuaibika, ila aligeuza maneno yakaelekea kwenye kazi. Aliuliza oda yake itakuwa tayari lini.

Hapo Sikudhani akatema ugoro pembeni.

"Itangoja," alisema. "Mtoto wa mdogo wangu hana pa kukaa."

Sampo akasema vijiji vya kusuka ni vingi. Sikudhani akamwonyesha njia ya kwenda kwenye kijiji kinachofuata, akamtahadharisha na tope. Pikipiki ikaondoka na rundo la mikeka. Hakuna aliyeshangilia. Mwanamke mmoja alisema taratibu kwamba huyo kaondoka na sabuni na chumvi zao. Lilikuwa kweli, nami ndiye niliyelileta. Mpaka naandika haya sijasikia kama amerudi, na siwezi kumalizia habari hiyo kwa uzuri wowote.

Lakini tangu jioni ile walisuka tofauti. Waliusuka ukili wa Rukia kwa zamu, meno ya zipu yakaendelea kutoka pale alipoachia mama yake, na ile chane nyeupe ikipita chini kwa chini. Yule wa mstari wa kijani akatoa ukindu wake wa kijani, akaanza kitu chake mwenyewe, akiimba kaswida kwa sauti ndogo. Na ulipofika wakati wa pindo, Sikudhani alikaa peke yake, akakosea, akafumua, akakosea tena, akatukana, akaenda kutia udhu upya kwa sababu ya lile tusi, akarudi. Nyayo za korongo zikatokea. Alizitazama muda mrefu, akaniambia nisimtazame. Kisha wakaushona mkeka wote kwa shazia, ile sindano nene, wakicheka na kunisema. Nilikuwa nimesali nao kila kipindi wakati huo. Sikuwa tena nasubiri kitu kitokee.

Safari ya kurudi haikuwa na jambo, ila darajani nilisoma Fatiha. Nilimsomea Mwanaidi na wazee wake, na nilipomaliza basi lilikuwa limeshavuka.

Kariakoo nilimkuta Mangi anafungua fremu. Nilikunjua mkeka juu ya kaunta, nikamweleza kilichofanyika kwenye zile ncha, urefu wa mkono mzima wa kazi ya mke wangu umefumuliwa ili njia ipatikane. Nilitaka ajue. Alisikiliza akiwa ameshika kofia yake. Hakujitetea. Akasema atakuja harusini kama bado namtaka. Nikasema aje, na nilikuwa bado nina hasira nilipolisema.

Siku ya ndoa, nyumbani kwetu Ilala, nilikuta mpambaji ametandika zulia jekundu chumbani kwa bibi harusi, akaniomba mkeka uwekwe chini yake, maana rangi zake zinaharibu picha. Nililivuta zulia mwenyewe, pamoja na maua yake, nikalitoa nje. Wajomba wa bwana harusi waliniona, na nafikiri mpaka leo wananiona mkorofi. Nikatandika mkeka, Rukia akavua viatu, akakaa. Mimi ndiye walii wake. Nikaingia na mashahidi wawili kumuuliza.

Nilipomuuliza kama ameridhia, alikuwa anapitisha kiganja juu ya meno ya zipu.

"Baba," alisema chini ya mtandio. "Mama kaishia wapi?"

Shahidi mmoja alikohoa, sheikh alikuwa anasubiri nje. Nikapiga magoti nikamwonyesha. Hapa ndipo mkono wake. Hapa wa shemeji yangu. Na hapa palipopinda ni mimi. Rukia akasogea mpaka alipoishia mama yake, akakaa hapo sawasawa, akatengeneza nguo yake.

"Nimeridhia," alisema.

Waliozoea masimulizi ya safari watataka kujua nimerudi na nini. Hasira bado ninayo. Nimemkasirikia anayesukuma mkeka kwa mguu, anayesema mkeka ni mkeka tu, na anayewajua marehemu wa wenzake kuliko wenyewe. Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kwenda nayo msikitini. Anatia udhu, anasimama safuni akiwa nayo, na hakuna anayemrudisha mlangoni. Alasiri nafunga fremu na kwenda. Nikirudi nakaa nyuma, juu ya boksi la nyuzi, nasuka ukili. Bado unapinda.